Kupeleka hoja ya ajira serikalini: mwongozo kwa chama cha makandarasi Arusha

Hoja ya mkandarasi kuhusu ajira huzaliwa saiti, hukulia kwenye kikao cha chama, kisha hufia kwenye barua. Barua hizo zinafanana: aya ya kwanza pongezi, aya ya pili malalamiko kumi na mawili kwa namba za Kirumi, na mwisho "tunaiomba serikali yetu sikivu iliangalie hili". Afisa anayeipokea Mtumba, kwenye ofisi za serikali Dodoma, hana la kufanya nayo. Haijamwambia kifungu gani kibadilike, kisomekeje, wala nani anaumia kikibaki kilivyo. Anaandika "imeonekana" na jalada linarudi kabatini.

Yanayofuata ni kwa viongozi wa vyama vya makandarasi wa Arusha, hasa wenye wanachama wa daraja la nne hadi la saba (la kwanza ndilo la wakubwa, la saba la wadogo kabisa), wasio na mwanasheria wa kudumu wala mtu wa kukaa Dodoma.

Chama chako ni nani kisheria?

Vyama vingi vimesajiliwa kama jumuiya tu. Usajili huo unatosha kufungua akaunti, kuandika barua na kuomba kuonana na Mkuu wa Mkoa. Hautoshi kusaini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya masharti ya kazi, na chama cha wafanyakazi. Kwa hilo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka chama cha waajiri kilichosajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi na Waajiri. Waajiri wanne wanatosha kukianzisha, na maombi ya usajili yanapaswa kufika kwa Msajili ndani ya miezi sita tangu chama kianzishwe. Wanaokwama hapa mara nyingi hukwamishwa na katiba: wamechukua katiba ya SACCOS au ya kikundi cha kuzikana na kubadilisha jina juu.

Kama hamtaki usajili wa pili, kampuni chache kati yenu zijiunge na Chama cha Waajiri Tanzania, ATE. Sababu ni ya kiutendaji. Masuala ya sera za kazi hupitia LESCO, baraza la ushauri lenye pande tatu: serikali, wafanyakazi na waajiri. Chama cha mkoa hakina kiti pale, kwa hiyo hoja yenu itaingia mkononi mwa mwakilishi wa waajiri au haitaingia kabisa.

Linalokukera limeandikwa wapi?

Hili ndilo swali la kazi nzima. Linaweza kuwa kwenye sheria, kwenye kanuni, kwenye amri ya mishahara, kwenye kiwango cha tozo, au halipo popote isipokuwa kwenye mazoea ya mkaguzi. Kila moja ina mlango wake. Ukigonga wa jirani utapewa chai na kuagwa vizuri.

Sheria hubadilishwa na Bunge, kwa hiyo hesabu miaka. Kanuni hutungwa na waziri, na hapo unaweza kuongea miezi. Kima cha chini hutoka kwa bodi ya mishahara ya sekta, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi, kisha waziri hutoa amri. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile SDL, kiwango chake hubadilishwa kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka, kwa hiyo ukiipeleka kwa Kamishna wa Kazi umepotea njia. Ni mambo ya Wizara ya Fedha. Na kama kero ni wakaguzi watatu kufika saiti moja wiki moja, kila mmoja na fomu yake, usiombe sheria ibadilishwe. Hilo lipeleke kwenye Baraza la Biashara la Mkoa, ambalo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, na wakuu wa taasisi hizo wawe wamealikwa kwenye meza ileile.

Mfano mmoja wa jinsi milango inavyochanganywa. Amri za kima cha chini hupanga makandarasi kwa madaraja. Ile ya 2013 iliweka shilingi 325,000 kwa mwezi kwa daraja la kwanza, 280,000 kwa la pili hadi la nne, na 250,000 kwa la tano hadi la saba. Sasa mkandarasi wa daraja la kwanza anapata kazi Njiro, anampa mkandarasi mdogo wa daraja la sita kazi ya kupiga plasta. Saidia fundi wawili wanabeba ndoo kwenye ngazi moja, kila mmoja na kima chake cha chini. Ugomvi unazuka, na viongozi wanakimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kuomba "mwongozo". Tume inaamua mgogoro ulioletwa mbele yake, haiandiki amri ya mishahara. Hoja hiyo ni ya bodi ya mishahara, na inatakiwa kuandikwa hivi: kwenye saiti yenye mkandarasi mkuu na wadogo, kima kipi kitumike kwa kazi ileile.

Soma sheria kabla ya kuilalamikia

Sehemu kubwa ya yanayoitwa "sheria kandamizi" tayari yana njia ndani ya sheria hiyohiyo. Mfano wa kikanda kabisa ni saiti za loji: Karatu, Ngorongoro, Serengeti. Fundi anatoka Ngaramtoni au Usa River, analala kambini. Hataki mapumziko ya Jumapili moja porini. Anataka afululize kazi kisha arudi nyumbani kwa siku za maana. Mwajiri naye anataka hivyohivyo, hasa kuwahi masika. Sheria inasema siku sita kwa wiki, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, na saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Chama kinaandika barua: sheria ya kazi haifai kwa ujenzi, ibadilishwe.

Ngoja kwanza. Sheria inaruhusu mkataba wa hali bora kuchukua wastani wa saa kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja, mradi wastani usizidi saa 40 za kawaida na 10 za ziada kwa wiki. Inaruhusu pia makubaliano ya maandishi ya mapumziko ya angalau saa 60 mfululizo kila wiki mbili badala ya saa 24 kila wiki. Weka kwenye karatasi:

Siku 11 kazini, siku 3 nyumbani. 11 mara 9 ni saa 99 kwa wiki mbili, yaani wastani wa 49.5 kwa wiki: 40 za kawaida na 9.5 za ziada. Kwa wiki nne ni saa 38 za ziada, chini ya ukomo wa 50. Mapumziko ni saa 72, zaidi ya 60 zinazotakiwa.

Siku 21 kazini, 7 nyumbani. 21 mara 9 ni 189 kwa wiki nne, wastani wa 47.25. Saa zinatosha, zimebaki hata nafasi. Lakini wiki mbili za kwanza hazina mapumziko kabisa, na mpango unaanguka.

Kwa hiyo mpango wa kwanza unatafutwa kwa mkataba wa hali bora, bila muswada wowote. Wa pili unahitaji msamaha: sheria inampa waziri mamlaka ya kumwondolea mwajiri au kundi la waajiri baadhi ya viwango vya ajira, baada ya walioguswa kushirikishwa. Haya ni maombi mawili tofauti kwa watu wawili tofauti. Kabla ya lolote, rasimu ipitiwe na mwanasheria wa kazi na ionyeshwe kwa afisa kazi wa mkoa, kwa sababu saa za ziada bado hulipwa mara moja na nusu, na wastani haufuti malipo hayo. Wanaodhani "wastani" maana yake ni kazi ya bure ndio hukutana tena mbele ya Tume.

Jambo la vibarua ni hivyohivyo. Makandarasi wengi wanaamini kibarua wa siku si mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ina dhana ya kumtambua mwajiriwa, na moja ya vigezo vyake ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 ni siku tano za saa tisa. Deiwaka unayemchukua kijiweni kila siku ya kumwaga zege anaweza kufika hapo bila wewe kujua. Na kuhusu mikataba: kwa miaka mingi mkataba wa muda maalumu ulikuwa wa wataalamu na mameneja tu, wengine wakibaki na mkataba wa kudumu au wa kazi maalumu. Marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yamefungua mkataba wa muda maalumu kwa wasio wataalamu katika mazingira yaliyotajwa, mojawapo likiwa mradi mahususi wenye muda unaojulikana. Chama kinachoendelea kuomba kitu hicho leo kinaonyesha tu kwamba hakijasoma.

Hesabu ndiyo hoja

Huko juu kila mtu analia. Anayesikilizwa ni aliyekuja na hesabu, na hesabu hutoka kwenye madaftari ya saiti.

Chagua wanachama 12 hadi 15 wa madaraja tofauti. Kila mmoja atoe miezi sita ya orodha ya malipo, yenye safu hizi: tarehe, aina ya kazi (fundi mwashi, nondo, bomba, umeme, saidia fundi), saa alizofanya, malipo ya siku, makato na michango, siku alizolipwa kwa kuchelewa. Majina ya wafanyakazi yaondolewe, na kampuni zipewe namba. Mtu mmoja tu, katibu au mhasibu, ajue namba ipi ni ya nani. Bila hilo hamtapata kitu, kwa sababu kila mwanachama anajua kuna wafanyakazi ambao hajawapeleka NSSF, na hatataka jirani yake aone.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mwanachama atatia chumvi: ataandika wafanyakazi 60 ili mzigo uonekane mkubwa, wakati ritani zake, yaani taarifa za wafanyakazi anazowasilisha serikalini, zinaonyesha 14. Serikali ina ritani hizo. Takwimu zikipingana, mnakuwa mmejishtaki wenyewe na hoja imekufa. Kanuni iwe moja: namba isiyolingana na ritani haiingii.

Kisha piga hesabu ya nini hasa kinauma. Tuchukue mfano wa vibarua 100, siku 26, shilingi 20,000 kwa siku. Malipo ya mwezi ni 52,000,000. Juu yake mwajiri ana NSSF asilimia 10, SDL asilimia 3.5 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5. Jumla asilimia 14, yaani 7,280,000. Mkipigania SDL ishuke kwa nusu asilimia na mkashinda, mmeokoa 260,000 kwa mwezi.

Sasa chukua hati ya malipo ya shilingi milioni 200 ambayo mteja wa serikali amechelewesha siku 120, na mkandarasi amekopa benki kwa asilimia 18 kwa mwaka ili alipe mishahara. Riba ni takriban 11,835,000. Katika miezi hiyohiyo minne ile nusu asilimia ingempa 1,040,000. Yaani malipo kuchelewa kunamla zaidi ya mara kumi na moja. Fanyeni hesabu hii kwa namba zenu wenyewe. Mara nyingi kikao hubadilisha hoja baada ya kuiona. Ucheleweshaji ni suala la ajira pia: ndiyo sababu kubwa ya vibarua kuzingira ofisi ya fomeni Jumamosi jioni.

Hii haina maana SDL haipiganiwi. Ilikuwa asilimia 6, ikashuka 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, 4 mwaka 2021, na 3.5 kuanzia Julai 2023. Mwaka 2021 pia idadi ya wafanyakazi inayomfanya mwajiri aanze kulipa ilipanda kutoka wanne hadi kumi, na hilo ndilo lililowagusa wa daraja la sita na la saba kuliko asilimia yenyewe. Mfuko wa Fidia nao ulitoka asilimia 1 kwa sekta binafsi hadi 0.6 mwaka 2021, kisha 0.5 mwaka 2022. Tazama hatua zilivyo ndogo. Anayeomba tozo ifutwe haraka hupewa sababu za kutofutwa. Anayeomba nusu asilimia au ukomo wa idadi hupewa kikao.

Nendeni kwa TAMICO kabla ya Dodoma

TAMICO ndicho chama cha wafanyakazi kinachobeba ujenzi pamoja na migodi na nishati. Viongozi wengi wa makandarasi hukikwepa. Ni kosa la hesabu: LESCO na bodi za mishahara zina upande wa wafanyakazi, na upande huo ukisikia hoja yenu kwa mara ya kwanza pale mezani, utaipinga kwa wajibu tu.

Ombeni kikao cha saa mbili mkiwa na karatasi mbili. Ya kwanza ina mnayokubaliana: malipo ya miradi ya umma yawahi, kazi za fosi akaunti, zile ambazo serikali inatumia mafundi moja kwa moja bila mkandarasi, ziwe na michango ya mafundi (maana fundi anayejenga darasa Moshono bila mchango wowote anaumia kama mfanyakazi na anawaumiza ninyi kwenye bei), na mafundi wa mtaani warasimishiwe ujuzi na VETA. Karatasi ya pili ni mnayotaka, na mnachotoa badala yake. Kwa mpango wa siku 11 kwa 3, kwa mfano, mnatoa usafiri wa kwenda na kurudi mjini, mlo wa kambini, na saa za ziada kulipwa kwa siku maalumu ya mwezi. Bila kitu cha kutoa msiende. Mtaonekana mmekuja kuomba saini.

Karatasi yenyewe

Kurasa mbili na jedwali. Jedwali lina safu tatu: kifungu kilivyo sasa, kinavyopendekezwa kisomeke, sababu. Safu ya katikati ndiyo inayoachwa wazi na wengi, na ndiyo pekee ambayo mwandishi wa sheria ataichukua kama ilivyo. Andikeni maneno kamili ya kifungu. "Kiboreshwe" si maneno ya kifungu. Hakikisheni namba za vifungu ni za toleo la sheria linalotumika sasa; kunukuu nakala ya zamani ya mtandaoni ni aibu inayoonekana haraka.

Andikeni kwa Kiswahili. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria, na kamati za Bunge hujadili kwa Kiswahili. Barua iende kwa Katibu Mkuu wa Ofisi ya Waziri Mkuu anayeshughulikia kazi, nakala kwa Kamishna wa Kazi na ATE. Msiandike kwa Waziri moja kwa moja. Itashushwa kwa Katibu Mkuu vilevile, na mtakuwa mmepoteza wiki. Iwe na kumbukumbu namba, na mhuri wa kupokelewa ubaki kwenye nakala yenu.

Wakati

Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Muswada wa Sheria ya Fedha huonekana Juni, na mtu anayeanza kuandika hoja ya SDL mwezi huo anaandika historia. Wizara ya Fedha hukaribisha mapendekezo ya kodi na tozo miezi mingi kabla. Karatasi yenu iwe tayari mvua za vuli zikianza.

Amri za mishahara zilitoka 2010, 2013, 2022, kisha 2025 ikianza kutumika Januari 2026. Mwendo hautabiriki, kwa hiyo takwimu za mishahara zikusanywe kila mwaka hata kama hakuna dalili ya bodi kukaa.

Muswada wa sheria ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kamati, na kamati hualika wadau kwa taarifa fupi, wakati mwingine siku chache. Basi la Dodoma kupitia Babati na Kondoa linawafikisha siku hiyohiyo, lakini karatasi isiyoandikwa haifiki. Tengeni nauli na malazi ya watu wawili kwenye bajeti ya chama tangu Januari. Wawili wanatosha: mmoja anayejua kifungu, mwingine anayejua saiti. Jiandaeni kwa dakika tano, na nakala za kutosha kwa kila mjumbe na makatibu.

Wabunge wa Arusha waonwe kabla, jimboni, mmoja mmoja bila kujali chama chake. Mpeni ukurasa mmoja wenye swali ambalo anaweza kuliuliza bungeni kama lilivyo. Na msitoe bahasha, wala "posho ya usumbufu", wala kulipia chakula cha kamati. TAKUKURU wana jina lake, na hata bila TAKUKURU, hoja iliyolipiwa inasahaulika mlipaji anayefuata akifika.

Baada ya jibu

Kila kikao kiandikiwe muhtasari siku ileile: nani alisema nini, nani aliahidi, lini. Baada ya wiki mbili mtumieni afisa husika barua fupi ya kumkumbusha kwa maneno yake mwenyewe. Hii inafanya kazi kuliko maandamano ya viongozi ofisini.

Mkishinda, tafuteni Gazeti la Serikali lenye tangazo hilo na kulisoma neno kwa neno. Kilichoahidiwa na kilichochapishwa hutofautiana mara nyingi: tarehe ya kuanza imesogezwa, neno "au" limekuwa "na", ukomo umewekwa ambao haukuwepo. Kosa la uandishi liandikieni mara moja, kabla wakaguzi hawajazoea kulitumia. Kisha katibu aandae mfano wa mkataba au wa orodha ya malipo unaofuata mabadiliko hayo na kuugawa kwa wanachama ndani ya wiki mbili, kwa karatasi na kwa WhatsApp, pamoja na tarehe ambayo mkataba wa zamani unaacha kutumika.